Mrejesho: hasira kwenye meza ya poka

Wakuu, niliwauliza nifanyeje nisivurugike kwa hasira nikishindwa nikiwa na mkono mzuri (karata nilizogawiwa) kwenye poka, mchezo wa karata wa kamari. Ahsanteni, ushauri wenu umenisaidia sana.

Kilichonibadilisha zaidi ni lile somo la hesabu. Ukiwa na A mbili (jozi kubwa kuliko zote) na mwenzako K mbili (jozi inayofuata), chipu zote (vidonge vya kuwekea dau) zikaingia kabla karata za mezani hazijafunguliwa, unashinda takribani mara 82 katika 100. Maana yake zile 18 ni zake kihalali, hajakuibia. Sasa nikipigwa hivyo najiuliza swali moja tu: chipu ziliingia nikiwa mbele, yaani na karata bora? Kama ndiyo, nilicheza vizuri, hata kama zimeondoka.

Kikomo cha hasara nakipanga kabla sijakaa. Kikifika nanyanyuka, hata kama wapinzani ni dhaifu (hili ndilo gumu kuliko yote, nisiwadanganye). Mapigo ya moyo yakipanda, natupa karata (najitoa) kwa mizunguko kadhaa hadi nitulie.

Kilichobaki ni furaha ya kushinda mfululizo. Nayo humvuta mtu kucheza karata mbovu, na kwa maoni yangu ni ya kuogopwa sawa na hasira. Mwenye mbinu ya hapo anieleze.