Tangazo la mamilioni ya miti iliyopandwa: msomaji apime nini?

Kaskazi (muulizaji)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimekuwa nikifuatilia habari za mazingira kwa muda mrefu, na kila mwaka hukutana na tangazo la aina ile ile: nchi, kampuni au taasisi fulani imepanda mamilioni ya miti kwa muda mfupi. Julai 2016 jimbo la Uttar Pradesh nchini India lilitangaza kupanda karibu miche milioni 50 kwa siku moja. Julai 2019 serikali ya Ethiopia ikatangaza zaidi ya milioni 350, nayo pia kwa siku moja. Habari ya pili, ile ya miaka mitatu au mitano baadaye inayoeleza ni mingapi iliyosalia, huwa ni nadra mno kuiona.

Nauliza kwa sababu mahali ninapofanya kazi tumeombwa kuchangia mradi wa kupanda miti. Mchango unahesabiwa kwa mche, na mwishoni kila mchangiaji atapewa cheti chenye idadi ya miti "yake". Siipingi miti. Ninachotaka kujua ni kama idadi ya miche iliyopandwa inamwambia msomaji jambo lolote la maana, na kama haimwambii, atazame nini badala yake. Je, ni kweli pia kwamba fedha hiyo hiyo ingefanya kazi kubwa zaidi ikielekezwa kwingine?

Mwanakitalu

Ndugu Kaskazi, nimefanya kazi ya vitalu kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kwa upande ninaoujua. Idadi ya miche iliyopandwa ni takwimu ya kitalu: inaonyesha ni viriba vingapi, yaani mifuko ya kuoteshea miche, vilivyotoka getini. Kuhusu msitu haisemi kitu, kwa kuwa kipindi kinachoamua hatima ya mche ni kiangazi chake cha kwanza, nacho huja wapiga picha wakiwa wamekwisha kuondoka.

Sababu za miche kufa zinajulikana, na nyingi zinazuilika. Mche ukikaa kitaluni kupita wakati wake, mzizi mkuu hufika mwisho wa kiriba, hukosa pa kupita na kuanza kujizungusha. Siku ya kupandwa huonekana mnene na wenye afya, lakini hata ukishaingia ardhini mizizi huendelea kujisokota badala ya kushuka kufuata unyevu. Mvua zikichelewa huku tarehe ya sherehe ikibaki pale pale, miche hupandwa kwenye udongo mkavu kwa sababu tu mgeni rasmi amekwisha kualikwa. Nyasi nazo hunyang'anyana maji na mche usiopaliliwa, halafu kuna mifugo, mchwa na moto. Palizi, ulinzi na upandaji wa kujazia mapengo kwa miaka miwili au mitatu ndiyo gharama kubwa ya kazi hii, na ndiyo inayofichwa na hesabu ya "kiasi hiki kwa mche mmoja".

Ipo njia ya zamani ya kurekebisha jambo hili. Harakati ya Green Belt, iliyoanzishwa nchini Kenya na Wangari Maathai mwaka 1977, iliwalipa wanawake kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche uliostawi. Malipo yakifuata uhai wa mche, aliyeupanda ana sababu ya kurudi kuutazama. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa waandaaji wa mradi wenu lingekuwa: mnalipa lini?

Bamvua

Naongeza upande wa pwani, ambako kosa hutendeka hata kabla ya kufika kwenye palizi, yaani katika kuchagua mahali. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, fedha nyingi zilimiminwa katika upandaji wa mikoko kwenye pwani za Asia, kwa matumaini kwamba ingekuja kuwa kinga dhidi ya mawimbi. Nchini Sri Lanka, watafiti walipokagua maeneo 23 ya miradi hiyo, walikuta tisa kati yake hayana hata mmea mmoja ulio hai. Nchini Ufilipino, ambako mikoko imepandwa kwa miongo kadhaa na kwa fedha za wafadhili wakubwa, tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha kwamba iliyosalia kwa kawaida ilikuwa asilimia 10 hadi 20 tu.

Chanzo kinastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu hakuna ubaya uliokusudiwa. Ukingo unaoikabili bahari ni mahali pa mchu na mlilana, aina za mikoko ambazo mizizi yake huchomoza juu ya tope ili ipate hewa. Waandaaji walipendelea aina iitwayo mkoko wenyewe (Rhizophora), kwa kuwa chipukizi lake refu huokotwa kwa urahisi na kuchomekwa topeni kwa mkono, bila kuhitaji kitalu. Juu ya hayo, sehemu ambazo mikoko ilikatwa zamani zimekuwa mabwawa ya kufugia samaki na kamba, na mabwawa hayo yana wenyewe. Tope tupu la upande wa chini, linalofunikwa na maji sehemu kubwa ya siku, halina mtu wa kubishana naye. Basi miche ikapelekwa huko, mahali ambapo mikoko haikuwahi kuota.

Mwanaikolojia wa Marekani, Robin Lewis, alifanya kazi kwa miongo kadhaa akionyesha kwamba mikoko hustawi pale ambapo maji huifunika kwa takriban asilimia 30 ya muda au pungufu. Ukibomoa tuta, ukafungua mkondo ulioziba na kurudisha mwinuko wa ardhi ulivyokuwa, maji yenyewe huleta mbegu na mara nyingi hakuna haja ya kupanda chochote. Njia hii haipendwi sana na wafadhili, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba tingatinga likibomoa tuta halitoi picha nzuri kama watoto walioshika miche.

Kisiki Hai

Maelezo ya Bamvua yana mfano wake nchi kavu, na ndio ulionifanya nichague jina ninalotumia hapa. Katika eneo la Maradi nchini Niger, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, aliona kwamba miche mingi aliyokuwa akiipanda inakufa. Mwaka 1983 alitambua kwamba vichaka vilivyotapakaa mashambani, ambavyo vilichukuliwa kuwa magugu, vilikuwa machipukizi ya miti iliyokatwa zamani na ambayo mizizi yake ilikuwa bado hai. Katika njia aliyoianza kutokana na hilo, mkulima huchagua machipukizi machache yaliyonyooka katika kila kisiki, huondoa mengine, hupogoa matawi ya chini na kuyalinda yaliyobaki. Mzizi wa kisiki umekwisha kufika kwenye unyevu wa chini, ndiyo maana chipukizi hukua kwa kasi isiyowezwa na mche wa kitalu. Katika miaka 20 iliyofuata njia hiyo ilienea kwenye takriban hekta milioni tano, zinazokadiriwa kuwa na miti milioni 200, na karibu yote haikupandwa na mtu yeyote.

Jambo linalosahaulika katika kisa hiki ni sheria. Kwa muda mrefu miti nchini Niger ilihesabiwa kuwa mali ya serikali, hata ile iliyoota ndani ya shamba la mtu, na mkulima aliyeikata aliweza kutozwa faini. Katika hali hiyo mwenye busara huing'oa ingali changa kabla haijawa mali ya mwingine. Usimamizi wa sheria hiyo ulipolegezwa, na wakulima wakaanza kuiona miti kuwa ni yao, kuilinda kukawa na faida iliyo wazi: kuni, malisho, upepo uliopunguzwa makali, na udongo ulioboreka, hasa chini ya Faidherbia albida, aina ya mgunga inayopukutisha majani wakati wa mvua na hivyo kutoyanyima mazao mwanga.

Kwa hiyo, ndugu Kaskazi, ningewauliza waandaaji wenu ardhi hiyo ni ya nani, na miti ikikua itakuwa ya nani. Mradi usio na jibu la swali hilo una hatari kubwa zaidi kuliko ukame.

Nyasi Ndefu

Hakuna aliyegusia bado kwamba kuna mahali ambapo mti haupaswi kupandwa kabisa. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokadiria kwamba duniani kuna nafasi ya hekta milioni 900 za miti zaidi, na kwamba miti hiyo ingeweza kuhifadhi tani bilioni 205 za kaboni. Vyombo vya habari viliupokea kwa shangwe kubwa. Miezi michache baadaye jarida hilo hilo likachapisha hoja za wanasayansi wengine kadhaa, na kundi mojawapo likasema kadirio hilo limezidishwa takriban mara tano, kwa kuwa lilizihesabu mbuga za nyasi za kale kana kwamba ni misitu iliyoharibiwa, na kupuuza kaboni ambayo tayari imo ndani ya udongo wake. Shangwe haikurudi kusahihishwa.

Nyasi za mbuga zimeishi na moto na wanyama walao majani kwa mamilioni ya miaka, na viumbe wake wengi hawawezi kuishi kivulini. Miti mingi ikiingizwa humo, maji nayo hupungua. Afrika Kusini inaendesha tangu 1995 mpango wa Working for Water, ambao huwalipa watu kukata misonobari, mikaratusi na miti mingine ya kigeni iliyovamia vyanzo vya maji. Msomaji anayepima habari za mazingira kwa idadi ya miti angelazimika kuuhesabu mpango huo kuwa ni uharibifu.

Asubuhi

Naomba nipinge kidogo, wakubwa zangu. Yote mliyoyasema ni kweli, lakini mnaisoma siku ya kupanda miti kana kwamba kazi yake ni kuzalisha miti peke yake. Mtu aliyewahi kushika mche ni rahisi zaidi kumwita anapohitajika kulinda msitu. Harakati ya Green Belt aliyoitaja Mwanakitalu ilianza na miche, na ni harakati hiyo hiyo, chini ya Maathai, iliyopinga mwaka 1989 ujenzi wa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, hadi mradi huo ukaachwa. Watu wangeanza kwa kuambiwa kwamba huenda wanapanda mti usiofaa mahali pasipofaa, wengi wangebaki nyumbani.

Kaskazi

Nawashukuru nyote, na hoja ya Asubuhi naikubali. Hata hivyo nimekisoma upya kile cheti, na nimeona kinadai kwamba miti "yangu" itafidia hewa ukaa ya safari za ndege za mwaka mzima. Hilo nalo tulielewe vipi?

Mpiga Hesabu

Hapo ndipo ningekuwa mkali zaidi. Mafuta ya ndege hutoa kaboni iliyokuwa imefungiwa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka, na huitoa leo. Mche huanza kufyonza kiasi kikubwa baada ya miaka kadhaa, tena kwa sharti kwamba uishi. Kwa hiyo cheti kinachotolewa leo kinahesabu ukuaji wa miongo ijayo kana kwamba umekwisha kutokea. Katika soko la kaboni la California, ambako wanaotoa hewa ukaa hununua fidia yake, msitu unaouzwa kama fidia hutakiwa kutunzwa kwa miaka 100, na sehemu ya hesabu huwekwa akiba kwa ajili ya majanga. Bado, mwaka 2021, moto uliopewa jina la Bootleg uliteketeza jimboni Oregon sehemu ya misitu iliyokuwa imeingizwa katika mpango huo.

Aina ya msitu nayo ina uzito. Chini ya Bonn Challenge, mpango ulioanzishwa mwaka 2011, nchi nyingi ziliahidi kurejesha uoto wa mamilioni ya hekta. Wanasayansi waliochambua ahadi hizo mwaka 2019 waliona kwamba asilimia 45 ya eneo lililoahidiwa lilikuwa la mashamba ya miti ya aina moja, ambayo huvunwa kila baada ya miaka michache na kaboni yake nyingi kurudi hewani. Walikadiria kwamba misitu ya asili ikiachwa irejee hufungia kaboni mara 40 zaidi ya mashamba hayo.

Kuhusu swali lako la fedha, kwa kawaida kulinda msitu mkongwe au ardhi ya mboji (udongo chepechepe wa mabaki ya mimea yasiyooza kabisa) ambayo bado ipo huokoa kaboni nyingi na kwa haraka zaidi kuliko kupanda upya. Bonde la Kongo lina mboji iliyochorwa ramani mwaka 2017 na kukadiriwa kuwa na tani bilioni 30 za kaboni. Ikikauka, hakuna zoezi la miche litakaloifidia katika maisha ya mtu. Safari ya ndege ambayo haikufanyika nayo haihitaji cheti.

Mwanakitalu

Ndugu Kaskazi, kwa kuwa mchango umeombwa kazini na huenda usipende kuukataa waziwazi, pendekeza masharti. Sehemu ya fedha ishikiliwe hadi mwaka wa tatu, na ilipwe kwa kadiri ya miti iliyo hai. Si lazima kuhesabu shamba zima: vipande vichache vikichaguliwa kwa kura, na mtu asiyelipwa na mradi, vinatosha kutoa picha ya kuaminika. Waombe pia orodha ya aina za miti na maelezo ya uoto uliokuwapo hapo awali, ili hoja za Nyasi Ndefu na Bamvua zipate majibu kabla mashimo hayajachimbwa. Hesabu yenyewe ifanywe mwishoni mwa kiangazi, kwa sababu katikati ya mvua hata mche uliokwisha kudhoofika huwa na majani mabichi.