Mrejesho: fedha za kiwanda na kikundi chetu cha kutetea mto

Habari zenu wakuu. Niliomba ushauri kuhusu kikundi chetu kinachopinga uchafuzi wa mto: kiwanda kilichopo juu ya mto kilitaka kutudhamini, na kamati iligawanyika. Asanteni mno kwa michango yenu.

Tumekataa. Kilichotusaidia zaidi ni yule aliyeshauri tuangalie wakubwa wanavyofanya. Greenpeace (shirika la kutetea mazingira), iliyoanza Kanada mwaka 1971, haipokei fedha za serikali, kampuni wala vyama vya siasa. Inaishi kwa michango ya watu binafsi na ruzuku za wakfu. Amnesty International (shirika la haki za binadamu) nayo haichukui fedha za serikali kwa utafiti na kampeni zake, maana serikali ndizo inazozichunguza. Hoja hiyo ilimaliza ubishi: huwezi kupima maji ya mtu anayekulipia mafuta ya pikipiki ya kwenda kuyapima.

Sasa katiba yetu inasema hatupokei kitu kwa yeyote tunayemfuatilia, na hakuna mfadhili mmoja atakayebeba zaidi ya robo ya bajeti. Ada inalipwa kwa simu kila mwezi, na mweka hazina anabandika mapato na matumizi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Fedha ni kidogo, sisemi uongo. Safari za mjini tumezipunguza. Lakini wavuvi, waliokuwa wakitutilia shaka, wameanza kuchangia, na kwangu hilo ni kubwa kuliko hundi ya kiwanda.

Barua ya kukataa tumeipeleka kwa mkono, na nakala yenye sahihi ya mapokezi tunayo.