EMD (idara ya dharura) mpya tunayo ila wagonjwa bado wanajazana, wenzetu mnafanyaje?

Sista wa Zamu

Habari za usiku wakuu. Mi ni muuguzi, nimepewa uinchaji wa EMD kwenye hospitali moja ya rufaa ya mkoa, jengo letu ni mojawapo ya yale yaliyojengwa kwa hela za UVIKO, ile trilioni 1.3, na kwa kweli jengo ni zuri, monita zipo, oksijeni ipo. Shida ikifika saa nne asubuhi hupiti. Machela zimepangwa mpaka korido ya ekisirei, ndugu wamesimama kila kona, dokta mmoja na intani (daktari aliye mafunzoni), halafu unakuta aliyekuja na miguu yake na kikohozi anaonwa kabla ya mzee aliyeletwa na bajaji kalala mapajani mwa mkewe, kisa yule wa kikohozi alishalipia faili. Uongozi wanasema tuombe vitanda zaidi na watumishi. Watumishi najua hawaji leo wala kesho. Kwa watu hawa hawa nilionao nianzie wapi?

Dokta wa Machela

Sista pole na kazi. Kabla hujaomba kitanda hata kimoja chukua kaunta buku, wiki moja tu, kila mgonjwa wa machela uandike kaingia saa ngapi, dokta kamwona saa ngapi, imeamuliwa alazwe saa ngapi, na katoka EMD saa ngapi. Mi nimefanya hizi kazi miaka mingi na sehemu nyingi muda mrefu kuliko wote unakaa hapo mwishoni, kati ya kuamuliwa alazwe na kuondoka kweli. Mgonjwa kamaliza matibabu ya dharura, anasubiri wodi. Wodi inasubiri raundi, raundi inaanza saa tatu au nne, aliyeruhusiwa anasubiri bili, bili inasubiri mtu wa bima, ndugu yuko njiani na hela, kitanda kinapatikana saa tisa alasiri. Huo mzigo wote unaubeba wewe. Ukiongezewa vitanda EMD utakuwa umefungua wodi nyingine ambayo haina hata raundi.

Kwa hiyo hili nenda nalo kwa mganga mfawidhi na matroni, ukiwa na daftari lako mkononi. Raundi ianze na wale wanaotegemewa kuruhusiwa, bili na dawa zao ziandaliwe tangu jana jioni, aliyeruhusiwa asubirie kwenye benchi na sio kitandani, na mkubaliane muda wa wodi kumpokea mgonjwa, ukipita apige simu matroni, sio nesi wako wa zamu kubembelezana na nesi mwenzake. Uingereza walipoweka lile lengo la saa 4 mwaka 2004, asilimia 98 ya wagonjwa wawe wametoka idara ya dharura, kilichosaidia ni kwamba hospitali nzima ilibanwa. Ila angalia na upande wa pili, watu wakaanza kukimbiza saa, wagonjwa wengi walikuwa wanahamishwa zile dakika za mwisho kabla ya saa 4 kutimia, na mwaka 2010 wakashusha lengo mpaka 95. Kwa hiyo namba zako zitumie kuonyesha panapokwama, usimchape nazo mtu, maana wakishaogopa wataandika saa za uongo.

Nesi Rift Valley

Salamu kutoka Kenya. Daktari ameongea vizuri kuhusu wodi lakini hiyo mambo ya faili mimi siwezi ngoja matroni akubali. Huku kwetu Katiba ya 2010 kifungu cha 43(2) inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na bado utapata mgonjwa anaulizwa pesa mlangoni, kwa hivyo sheria peke yake haitoshi, panga meza. Meza ya kwanza mtu akiingia iwe ya triaji, yaani kupima nani ana hali mbaya zaidi na kumpa rangi, keshia akae nyuma yake. Mwenye rangi za hatari, nyekundu au chungwa, apitilize, karatasi zitamfuata.

Skeli ya triaji ya Afrika Kusini inafaa sana mahali daktari ni mmoja kwa sababu nesi anaifanya bila maabara: anatembea ama amebebwa, anapumua mara ngapi, mapigo, presha, joto, fahamu, na kama ameumia. Unajumlisha pointi, unaangalia na zile dalili za hatari, unapata rangi. Nyekundu papo hapo, chungwa dakika 10, njano saa moja, kijani anaweza ngoja hadi saa 4. Sasa kitu watu husahau ni kurudia. Yule wa njano wa asubuhi anaweza kuwa nyekundu kabla ya saa sita akiwa amekaa tu kwa benchi, kwa hivyo nesi wa triaji asivutwe kwenda kuweka dripu, akae hapo, azunguke benchi.

Na watoto wapange yao kando. Pale Queen Elizabeth, Blantyre huko Malawi, walifundisha wafanyakazi kuchuja watoto wenye dalili za hatari na wakapanga upya njia wanayopitia wagonjwa, vifo vya watoto waliolazwa vikashuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya 6 na 8. Wengi wa wale waliokufa walikuwa wanafariki ndani ya saa 24 za kwanza.

Baba Neema

Mi sio mtu wa afya, ni muuguzaji tu, nimemuuguza baba yangu. Naomba muwafundishe walinzi. Mtu wa kwanza kukutana naye getini alikuwa mlinzi, akatuambia tukate kadi kwanza dirisha lile pale, na mzee alikuwa anakoroma, mdomo umepinda upande. Yule kijana hakuwa na roho mbaya, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtu wa hivyo unaita machela. Halafu ndugu tunajaa mlangoni kwa sababu hatuambiwi chochote, angetoka mtu kila baada ya muda akasema mgonjwa wenu anasubiri kipimo fulani, wengi tungeenda kukaa nje.

Sista wa Zamu

Asanteni sana, Baba Neema la walinzi nalianza kesho. Dokta, nisaidie moja, ajali za bodaboda zinakuja bila PF3 (ile fomu ya polisi) na vijana wangu wanaogopa kugusa. Na chumba cha nyekundu kila ukihitaji kitu hakipo.

Dokta wa Machela

Anayevuja damu anatibiwa kwanza, PF3 itafuata, mwombe mfawidhi awaandikie hilo kwa maandishi ya hospitali, libandikwe ukutani, woga utapungua. Chumba cha nyekundu weka troli moja, droo ya njia ya hewa, droo ya kupumua, droo ya damu na dripu, kila droo na orodha yake, ifungwe kwa plasta yenye tarehe na sahihi. Plasta ikikutwa imekatwa, zamu inayopokea haisaini ripoti mpaka vilivyopungua virudishwe. Strip za kupimia sukari na saksheni (mashine ya kunyonya makohozi) vikaguliwe kila zamu, saksheni iwashwe kweli isikike, na kama mna mitungi ya akiba ya oksijeni spana yake ifungeni kwa mnyororo kwenye mtungi wenyewe.