Paa la nyumbani: tuwaite ndugu au tumlipe fundi?

Ndugu zangu, naandika kutoka Busia, upande wa Uganda. Naomba tujadiliane bila kukwaruzana. Nyumba ikichakaa ikataka ukarabati mkubwa, hasa kuezua paa na kuezeka upya, je, ni haki kuwaita ndugu, marafiki na majirani waifanye kazi hiyo bure? Mimi nasema kazi za chini waitwe wote, lakini juu ya paa apande anayeijua kazi na anayelipwa. Na kabla mtu hajashika nyundo, ijulikane nani atamtibu akiumia.

Desemba iliyopita tuliezua nyumba ya mama. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu hadi ukilala kitandani unaona nyota. Fundi alitaka laki nane kwa kazi ya mikono peke yake. Kikao cha familia kikasema, laki nane za nini na vijana tunao? Wakaja watu kumi na wanne: wajomba, mashemeji, vijana wa msikitini, na rafiki zangu wawili wa boda. Asubuhi ilikuwa raha kweli. Akina mama jikoni na sufuria za posho (ugali) na maharage, watoto wanaokota misumari ya zamani, na kufikia saa nne upande mmoja ulikuwa wazi.

Mpwa wangu alikuwa anatembea juu ya pau. Kwa nje ilionekana nzima, hata rangi ya zamani ilikuwepo. Ndani mchwa walikuwa wameshaimaliza, wameacha ganda. Ilikatika akadondoka hadi sakafuni, chumbani kwa mama, akavunjika mtulinga. Jioni nilikiokota kile kipande cha mbao nikakibonyeza. Kidole kiliingia, likatoka vumbi laini kama unga wa muhogo.

Yeye ni mpakiaji wa mizigo hapa mpakani. Asipopakia, hali. Alikaa wiki nyingi mkono umefungwa, na kikundi cha familia kwenye simu, kilichokuwa na kelele siku za kupanga kazi, kikanyamaza. Mmoja aliandika "pole sana", basi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inambana mwajiri mfanyakazi wake akiumia kazini. Mpwa wangu hakuajiriwa na mtu, alikuja kwa sababu bibi yake alimwita. Zile laki nane tulizodhani tumeziokoa, aliyezilipa ni yeye.

Na kazi yenyewe? Wengine walipigilia misumari bondeni mwa bati badala ya mgongoni, na bondeni ndiko maji yanakopita. Mvua ya Machi ilipoanza mama alitandaza mabeseni sita.

Semeni, ndugu zangu.

Mchangiaji, Bombo:
Pole kwa mpwa wako, kaka. Lakini hapo sikubaliani na wewe. Mimi ni mjane. Upepo uliponiezulia nyumba, ningengoja kupata pesa za fundi, hadi leo ningekuwa chini ya turubai na wanangu. Waliosimamisha paa langu ni kaka zangu na majirani, siku mbili tu. Huku Buganda tuna bulungi bwansi: watu wanatoka pamoja kusafisha kisima na kutengeneza njia, na haulizwi mtu ujira wake. Ukianza kusema kila kazi ina mwenyewe wa kulipwa, sisi wa chini tutakufa na nyumba zetu. Tena hao mafundi unaowasifu, wangapi wana mkataba? Kijana wa fundi akianguka, anapewa nauli ya boda anarudishwa kwao.

Mchangiaji, Mbale:
Mimi ni fundi wa paa. Dada wa Bombo amesema kweli kuhusu vijana wetu, na inatuuma. Ila kaka, kilichomwangusha mpwa wako ni kutopima mbao, si undugu. Kabla ya kupanda, chukua bisibisi uchome kila pau, hasa pale inapokalia ukuta, maana mchwa hupandia ukutani. Ikizama, usiikanyage. Tandika ubao mrefu juu ya pau kadhaa, mtembee juu ya huo. Ezueni upande mmoja, muufunge kabla hamjagusa wa pili. Nyumba kuukuu zenye paa la asbestosi msizikaribie na familia kabisa. Ikivunjwa inatoa vumbi ambalo madhara yake kwenye mapafu huonekana baada ya miaka mingi, na wale watoto wanaookota misumari ndio watakaolivuta. Na mkitaka kuongeza chumba, hapo mmeshaingia kwenye ujenzi: Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013 inadai kibali.

Mwanzisha mada, Busia:
Fundi, asante. Ile ya bisibisi ingetuchukua nusu saa. Tuliitumia nusu saa ile kubishana nani apande kwanza.

Dada yangu wa Bombo, umenigusa. Sitaki mjane angoje pesa. Lakini kwenye kisima nikikosea naumia mguu, kwenye paa nikikosea unanizika. Ndugu kumi na wanne wakichanga elfu ishirini ishirini, ni laki mbili na themanini. Hiyo inatosha kumweka fundi mmoja siku chache asimamie, apande yeye, sisi tupokee mabati chini. Kitakachobaki kiwekwe kwa ajili ya hospitali, na kisiguswe mpaka ngazi ya mwisho irudishwe ilikoazimwa.

Agosti tunatengeneza jiko la mama. Mpwa wangu amesema atakuja, bega limepona. Nimemwambia mkoba wa michango ataushika yeye.