Mrejesho: Kufundisha Kiingereza Korea Kusini, shule ya serikali au hagwon?

Wakuu, asanteni. Niliuliza, kwa pasipoti yangu ya Kanada, nichague shule ya serikali au hagwon, yaani kituo binafsi cha masomo ya ziada. Nilienda shule ya serikali kupitia EPIK, mpango wa serikali ya Korea wa kuajiri walimu wa Kiingereza kutoka nje, niko Busan. Mkataba ni vipindi 22 kwa wiki, darasani niko na mwalimu Mkorea, nyumba wanatoa. Mchana tunakula na wanafunzi: wali, supu, kimchi, kwa vijiti vya chuma.

Kinachoniuma ni watoto. Wakitoka kwetu wengi wanaingia hagwon hadi usiku. Seoul ililazimika kuweka kanuni kwamba hagwon zifungwe saa 4 usiku. Asubuhi wanasinzia, na moyo haunipi kuwakaripia.

Mnaofuatilia E-2, viza ya walimu wa lugha, anzeni na cheti cha polisi. Ndicho kinachochelewa.