Yule mshereheshaji wetu amenitangaza kwenye kipaza sauti kuwa ni "afisa usalama mtarajiwa"

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa bado na suti ya harusini, mikono ikinitetemeka kwa hasira. Mshereheshaji huyo mnamjua. Hakuna shughuli mtaani kwetu inayopita bila yeye kukishika kipaza sauti kama amekizaa. Nilimwomba faraghani awe mdhamini wangu katika maombi ya kazi Usalama wa Taifa, akaniapia kwamba neno hilo litabaki kifuani mwake. Lilibaki kwa muda wa kula pilau tu. Kabla keki haijakatwa alinisimamisha mbele ya ukumbi mzima akasema: "Huyu ni afisa usalama wetu mtarajiwa, chungeni midomo yenu!" Kwenye kipaza sauti, ndugu zangu! Hata wapishi walitoka nyuma ya ukumbi, miko mikononi, kuja kunitazama. Idara yenyewe ilifanya kazi miaka mingi bila sheria yake hadi ilipotungwa ile ya mwaka 1996, lakini mimi nimeanikwa hata usaili sijaitwa. Watu wa upekuzi wakija kuulizia mwenendo wangu, watoto wa chekechea ndio watakaowaleta hadi mlangoni. Na alirudia, kwenye kipaza sauti, kwa ajili ya waliokaa nje!

Mpita Njia: Pole sana, mkuu, ila kama mtu wa kumtunzia siri uliyemwona ni mshereheshaji, basi idara imeponea chupuchupu. Spika za nje zilisikika vizuri?

Mama wa Kijiweni: Afadhali wewe umetangazwa bure. Mpwa wangu alitozwa fedha na bwana mmoja wa miwani myeusi aliyedai kuwa yuko kitengo na kwamba angemwingiza. Kitengo chenyewe kilikuwa kibanda cha kuuza vocha.

Jirani wa Mombasa: Huku Kenya, Noordin Haji alihojiwa na wabunge mbele ya kamera mwaka 2023 kabla ya kuapishwa kuwa mkurugenzi mkuu wa ujasusi, na nchi haikuanguka. Kero yangu ni shemeji, ambaye tangu siku hiyo hunihoji kila nikienda kwake, na chai haitoki mpaka nijibu.

Mpita Njia: Mama, bwana huyo wa miwani ana pengo la jino la mbele? Kama ndiye, na mimi ananidai uafisa, yaani namdai fedha zangu.

Mama wa Kijiweni: Ndiye huyo huyo! Kibanda amekihamishia wapi?