Mjadala: Je, zebaki ipigwe marufuku mara moja kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu?

Swali linalowagawa watu katika maeneo ya dhahabu kama Geita na Chunya ni iwapo Serikali ipige marufuku kabisa matumizi ya zebaki kwa wachimbaji wadogo, au iyaondoe hatua kwa hatua. Wanaotaka marufuku ya mara moja wanakumbusha kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na kwamba kila mwaka tunaochelewa ni zebaki zaidi inayoingia kwenye mito na hatimaye Ziwa Victoria. Wanaopinga wanajibu kwamba mchimbaji hana njia nyingine ya kupata dhahabu yake. Mimi nataka zebaki iondoke, na ninalitaka hilo kwa dhati, lakini ninaamini kwamba marufuku ya jumla, ikitangulia mambo mawili nitakayoyaeleza, itaihamishia hatari majumbani.

Tuitazame kazi yenyewe. Jiwe likitoka duarani, yaani kwenye shimo la uchimbaji, hupelekwa mwaloni, yaani mahali pa kusagia na kuoshea, likasagwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, na unga wake ukapitishwa kwa maji juu ya mteremko uliotandikwa magunia ili dhahabu, kwa uzito wake, inase. Kilichonasa huoshwa kwenye beseni na kuchanganywa na zebaki, ambayo hushikamana na dhahabu, kwa mikono mitupu, mara nyingi na mwanamke ambaye mtoto wake yuko mgongoni, kisha hukamuliwa kwa kitambaa hadi libaki donge la rangi ya fedha. Donge hilo huchomwa kwenye kibati juu ya jiko la mkaa ili zebaki igeuke mvuke na dhahabu ibaki, wakati mwingine uani, wakati mwingine nyuma ya duka la mnunuzi. Mvuke huo wa zebaki hauonekani wala haunuki, nao huvutwa na kila aliye karibu, akiwemo mtoto aliye tumboni kupitia damu ya mama yake. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilionyesha kuwa uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa zebaki nyingi zaidi hewani duniani, takriban asilimia 38 ya yote inayotokana na shughuli za binadamu.

Jambo la kwanza ni namna tunavyoipima hatari hiyo. Kanuni za mazingira kwa uchimbaji mdogo za mwaka 2010 zinamtaka mwenye leseni ndogo ya uchimbaji aandae mpango wa kulinda mazingira, nao kwa sehemu kubwa huzungumzia eneo la leseni: mashimo, miti, vifusi. Jiko la uani halimo. Kwa hiyo tunaweza kuwa na mpango ulioidhinishwa na kugongwa muhuri, huku familia nzima ikivuta mvuke jioni.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha suala zima, ni marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuoshwa. Zebaki huacha sehemu kubwa ya dhahabu ndani ya mchanga uliokwisha kuoshwa, na kwa desturi ya mialo mingi mchanga huo hubaki kwa mwenye karasha, ambaye huuchenjua tena kwa sayanaidi, kemikali yenye sumu inayoyeyusha dhahabu, na kupata dhahabu ambayo mchimbaji hakuiona. Hapa pana hatari mbili kwa pamoja. Sayanaidi ikikutana na zebaki iliyobaki huiyeyusha na kuifanya isafiri kwa urahisi zaidi ndani ya maji, na ndiyo sababu Mkataba wa Minamata unautaja mtindo huo miongoni mwa vitendo vibaya vinavyopaswa kukomeshwa kwanza. Zaidi ya hayo, mwenye karasha ana faida katika uoshaji hafifu, na mchimbaji anayedaiwa chakula na mtaji na mfadhili wake hawezi kusubiri siku kadhaa za uchenjuaji bora. Zebaki humpa fedha siku hiyo hiyo, na hilo ndilo jambo ambalo marufuku peke yake haiwezi kulijibu. Ufilipino ilipiga marufuku zebaki katika uchimbaji mdogo mwaka 2012, na matumizi yaliendelea kwa kificho.

Kwa bahati nzuri hatuanzi sifuri. Vituo vya mfano vya Lwamgasa, Katente na Itumbi, vilivyo chini ya STAMICO, yaani Shirika la Madini la Taifa, vilijengwa ili kumwonyesha mchimbaji kwamba uchenjuaji usiotumia zebaki humpa dhahabu nyingi zaidi. Lakini vitatu ni vichache mno, na kusafirisha viroba vya mawe kutoka mbali ni gharama inayomeza faida hiyo.

Ninapendekeza hivi. Kuanzia sasa, uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi ukatazwe na usimamiwe kwa ukali, pamoja na uchenjuaji wa marudio yenye zebaki kwa sayanaidi. Sambamba na hilo, vituo vinunue mawe kwa kipimo cha sampuli, vimlipe mchimbaji sehemu ya fedha siku anapoyaleta na salio baada ya uchenjuaji, na mkataba wa karasha uandikwe ukieleza marudio ni ya nani. Marufuku kamili ya zebaki ifuate katika kila wilaya ambayo kituo cha namna hiyo kinafanya kazi.

Kwa wanaosisitiza marufuku ya mara moja, ninaomba jibu la swali moja: mchimbaji wa Nyarugusu, Geita, mwenye viroba vitano vya mawe na deni la mfadhili atalipwa na nani, na siku gani, baada ya zebaki kuondolewa sokoni?